Mpangilio wa Safiya

Tangu saa mbili asubuhi Safiya alikuwa amefagia duka mara tatu, na duka lenyewe ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote. Alipanga upya waya za chaja. Alifuta kioo cha kompyuta, akakifuta tena. Kila kivuli kilichopita mlangoni kilimfanya ainue shingo, na kila mara kilikuwa kivuli cha mtu mwingine: muuza karanga, mama wa maandazi, mteja aliyekuja kuchukua simu aliyoiacha kuchajiwa. Ilikuwa Jumamosi, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, Nestory alitoka machimbo ya Mwakitolyo akaja Kahama mjini. Leo ndiyo ilikuwa zamu yake.

"Wewe leo umeingiwa na siafu?" aliuliza Shangazi Mwanaidi, dada wa baba yake, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni na kikombe cha chai. "Hiyo sakafu utaitoboa."

"Vumbi, shangazi."

"Vumbi la Kahama lilikuwepo hujazaliwa." Shangazi alipuliza chai yake. "Sasa sikiliza. Kesho baada ya adhuhuri watu wa Abdul wanaingia kutoka Tabora na barua yao ya posa. Mchele nimeshauchagua, nyama nimeagiza. Unajua?"

"Najua."

"Na baba yako unamjua. Dukani kwake hata aje mkubwa gani, anakaa kwenye foleni. Na posa kwake ni hivyo hivyo. Aliyefika kwanza ndiye anayesikilizwa kwanza, na akishatamka neno, halirudi. Kwa hiyo kama kuna mwingine unayemsubiri, mwambie akaze mwendo."

"Simsubiri mtu."

"Basi weka ufagio chini."

Safiya aliuweka. Dakika mbili baadaye alikuwa ameushika tena.

Tuseme ukweli kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe asingeusema hata kwa mto wake wa kulalia. Alikuwa na miaka ishirini na sita, alikuwa na duka lake la kuwawekea watu muvi kwenye flashi, na kwa miezi minne alikuwa akimsubiri mwanamume mmoja tu. Naye mwanamume huyo hakuwa amemwambia neno.

Siku ya kwanza Nestory aliingia na kofia mkononi, miguu imejaa vumbi jeupe la karasha linalosaga mawe, akaomba "ile katuni ya watu wanaopanda ukungu." Alikuwa ameiona kwenye banda la video kule machimboni, sehemu ya tatu.

"Umeanza na ya tatu?" Safiya alimwuliza kwa mshtuko.

"Ndiyo iliyokuwepo."

"Sahau ulichokiona. Sahau chote. Kaa hapo."

Akamkalisha, akamwonyesha kipande cha boksi alichokibandika ukutani, kimeandikwa kwa kalamu nene: MPANGILIO SAHIHI. Wapanda Ukungu ilikuwa katuni ya Kijapani iliyokuwa ikitoka kwa miaka kumi na minane. Ilikuwa na sehemu nne, filamu tatu, na vipande karibu mia mbili juu ya kijana Toruma, binti Mizune wa ngome ya mawinguni, na adui yao mwenye barakoa. Walioitengeneza hawakuisimulia kwa kufuatana. Filamu inayoeleza mwanzo wa yote, Mvua ya Kwanza, waliitoa miaka kumi na tano baada ya watu kuanza kulia. Basi huko mitandaoni watu waligombana hadi kutukaniana wazazi. Wengine walitaka ifuatwe miaka iliyotoka, wengine walitaka ifuatwe miaka ya hadithi yenyewe.

Safiya alikuwa na njia yake. Ya kwanza, ya pili, kisha filamu ya kumbukumbu. Ya tatu, lakini unaruka vipande vya porojo isipokuwa kile cha sherehe ya taa. Ya nne. Hapo ndipo unarudi nyuma kwenye Mvua ya Kwanza, na filamu ya mwisho inafunga.

"Kwa nini nisianze na mwanzo?" Nestory aliuliza siku ile.

"Kwa sababu ukianza na mwanzo utamjua mwenye barakoa kabla hajaivua. Wenzako wanalia, wewe unapiga miayo. Mwanzo una uchungu ukishajua ulikoelekea."

Nestory alimtazama kwa muda mrefu kuliko ambavyo boksi la ukutani lilistahili. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutazama gizani, yanatulia mahali pamoja bila haraka. Safiya akajikuta anatafuta kalamu aliyokuwa ameishika mkononi.

Tangu hapo alimwekea vipande kumi na viwili kila alipokuja. Flashi ile ingebeba hadithi yote mara mbili. Lakini vipande kumi na viwili mchimbaji huvimaliza ndani ya wiki mbili, na vikimwishia hana budi kurudi. Kila aliporudi aliuliza swali lile lile: "Mizune anafika mwisho?" Na Safiya, kwa tabasamu la mtu anayejua siri zote, alijibu, "Utaona."

Saa nne na nusu kivuli kiliingia mlangoni na safari hii kilikuwa chake.

"Shikamoo mama," Nestory alimsalimia Shangazi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Kwa kawaida alikaa kwenye kiti cha plastiki cha bluu, akavua kofia, akasimulia alivyomlaani mwenye barakoa mpaka wenzake kambini wakamzimia televisheni. Leo alisimama. Akaiweka flashi mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja, kana kwamba haikuwa yake.

"Za huko?" Safiya aliuliza. "Sehemu ya nne umeionaje? Ulifika pale daraja linapokatika?"

"Sikuitazama."

"Hukuitazama?"

"Sikuitazama. Naomba uniwekee ya mwisho. Ile filamu ya kufunga."

"Nesto, huwezi kwenda kwenye ya mwisho. Bado ya nne, bado Mvua ya Kwanza. Utaelewa nini?"

"Nitaelewa imeisha. Inatosha." Alitazama ukutani, hakumtazama yeye. "Tunahama leo. Shimo letu, lile duara, limejaa maji, na bosi wetu Bujiku amepata sehemu Nyarugusu, Geita huko. Gari liko kwa fundi matairi barabara ya Kakola, likipona tunaondoka. Saa nane. Mimi huku sirudi tena."

 Safiya alitaka kusema "usiende," na kilichomtoka kilikuwa, "Sitakuwekea. Utaharibu hadithi."

"Hadithi ni yako au yangu?"

"Mpangilio ni wangu."

"Enhe, tuzungumze mpangilio basi." Sasa alimtazama, na macho yale yaliyokuwa na utulivu yalikuwa mekundu. "Meshack wa kambini ameniambia hivi vitu vyote vinaingia kwenye flashi moja. Kwa siku moja! Na wewe miezi minne unanipa kumi na viwili, kumi na viwili, kama dozi ya malaria. Kwa nini?"

Shangazi Mwanaidi aliacha kupuliza chai.

Hapo ndipo Safiya angesema. Maneno yalikuwa manne tu: nilitaka uwe unarudi hapa. Lakini shangazi alikuwa hatua mbili kutoka pale, na mchele wa kesho ulikwishachaguliwa.

"Ndivyo tunavyofanya kazi," alisema.

"Sawa. Na mimi nilikuwa mjinga, nilidhani kuna kingine." Nestory alivaa kofia. "Ila, Safiya, ungekuwa na huruma kidogo. Mtu akikuuliza jambo lake la moyoni, hapana unaisema kwa mdomo. Humwekei sehemu ya nne ukamsukuma nje."

"Umeniuliza lini? Umeniuliza nini?"

"Usinifanye mtoto."

"Nesto!"

"Kaa salama. Mama, kwaheri."

Akatoka. Flashi ilibaki mezani.

Safiya alisimama katikati ya duka. Alimpigia Nestory kwenye kile kisimu chake cha vitufe, ikaita mpaka ikakata. Alipiga tena, ikawa imezimwa. Akazunguka meza. Akauchukua ufagio, akauweka.

"Huyo ndiye usiyemsubiri?" Shangazi aliuliza.

"Shangazi, tafadhali."

"Mimi nauliza tu."

Nestory alimwuliza lini? Safiya alirudi nyuma kimawazo, Jumamosi moja moja. Ile ya sherehe ya taa waliyocheka mpaka mteja akanuna. Ile ya mvua. Na ile ya mwisho, wiki mbili zilizopita, alipokuja kimya, masikio yamemwiva, akaitoa flashi mfukoni na kuishika muda mrefu kabla ya kumpa. "Ikague vizuri hii leo," alisema. "Usiiharakishe." Akatoka, akasema atarudi jioni kuichukua.

Safiya aligeuka polepole akalitazama boksi la pili, lililo chini ya lile la mpangilio. Aliliandika mwenyewe mwaka juzi: FLASHI ZOTE ZINASAFISHWA KWANZA. Flashi za machimboni hupita kwenye televisheni ishirini na redio thelathini, zinarudi na virusi vya kila namna. Kompyuta yake ya kwanza ilikufa kwa ugonjwa huo. Tangu hapo hakufungua flashi ya mteja kuona ndani. Aliichomeka, akaifuta yote, ndipo akaweka vitu vipya. Na siku ile, kwa kuwa Nestory alisema ikaguliwe vizuri, yeye alielewa virusi vimezidi. Aliisafisha mara mbili.

"Ya Rabi," alisema. "Kulikuwa na kitu ndani."

Alikaa, akaichomeka. Alikuwa na programu moja aliyoitumia kuwaokolea watu picha za harusi walizozifuta kwa bahati mbaya. Aliifungua, akaielekeza kwenye ile flashi, na mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo. Asilimia moja. Ilikuwa saa tano kasoro.

Aliyewahi kukaa akiutazama mstari ule atamwelewa. Asilimia tatu. Mteja aliingia kutaka muvi ya mapigano, akawekewa mahubiri. Asilimia kumi na moja. Bibi mmoja alitaka kwaya ya mjukuu wake, nusura aondoke na mapigano. Safiya aliinuka, akakaa, akala kucha ya kidole gumba mpaka ikauma. Saa sita ikapita. Adhana ya adhuhuri ikapita, na Shangazi akaenda kuswali duka la pili, akarudi, akamkuta vile vile.

"Kula hata andazi."

"Siwezi kumeza."

Saa saba na robo mstari ulifika mwisho. Programu ilirudisha video tatu, na ya nne ikaandikwa kwa rangi nyekundu kuwa haifunguki. Zilirudi bila majina yake, zimepewa namba za ovyo ovyo na ile mashine, na hakuna aliyejua ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Safiya aliyeweza kugombana na dunia nzima juu ya mpangilio wa Wapanda Ukungu hakuwa na pa kuanzia. Alibonyeza iliyokuwa juu.

Uso wa Nestory ulijaa kioo, kofia ngumu ya machimboni kichwani, ukuta wa turubai nyuma yake.

"...kwa hiyo ndiyo hivyo," alisema yule wa kwenye kioo. Jenereta ilikuwa ikinguruma mahali. "Sitaki nikuweke kwenye aibu mbele ya shangazi yako. Kama ni hapana, usihangaike kutafuta maneno. Niwekee sehemu ya nne kama kawaida, nitaelewa, sitakuuliza tena maisha yangu yote. Kama ni ndiyo, nirudishie flashi tupu. Tupu kabisa. Nikiichomeka nisikute kitu, nitajua."

Safiya aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Alikuwa nayo tupu. Siku ile, kwa dakika kumi nzima, ilikuwa mkononi mwake, tupu kabisa, na kisha kwa mkono wake mwenyewe akaijaza.

Ya pili ilikuwa mwanzo. "Inarekodi? Meshack, hii simu yako inarekodi kweli? Haya toka. Toka bwana!" Kicheko, mlango wa turubai, kimya. Nestory alikohoa. "Safiya. Hapa nimerudia mara saba. Duarani nashuka mita arobaini na kamba siogopi, lakini kusimama mbele ya ile meza yako, na shangazi yuko pale na chai, mdomo unakauka. Nikaona nikuambie kwa flashi. Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama jambo kwa kufuatana, na mimi nimelipanga la kwangu, nne."

Ya tatu ilimmaliza. "Ile katuni naipenda, sikudanganyi. Lakini vipande kumi na viwili vinaniishia siku ya nne. Siku kumi zinazobaki navirudia. Nikivirudia nakusikia wewe ukisema, usiruke, hapo usiruke. Nataka kuzeeka nikiisikia hiyo sauti. Nataka unigombeze nikianza na ya tatu. Sasa umenielewa au niseme zaidi? Nakupenda, Safiya binti Fikirini. Basi."

Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Nyuma ya bega lake mtu alivuta pumzi, na alipogeuka alimkuta Shangazi Mwanaidi, kikombe kimeinama na chai inadondoka kwenye ile sakafu iliyofagiwa mara tatu.

"Ni Mkristo," Shangazi alisema.

"Ndiyo."

"Na ni mchimbaji. Leo yuko hapa, kesho Geita, keshokutwa Mungu anajua."

"Ndiyo, shangazi."

"Abdul ana duka la saruji."

"Najua. Na hakunifanyia ubaya wowote, Mungu amjalie mke mwema." Safiya alikuwa tayari anahamisha zile video tatu kwenye kompyuta. Kisha akaifuta flashi. Alihakikisha. Akahakikisha tena. "Shangazi, saa ngapi?"

Shangazi alitazama saa ya ukutani, akatazama uso wa mtoto wa kaka yake. Alikaa kwenye kile kiti cha bluu na kupanga khanga magotini.

"Baba yako akiniuliza, mimi nilikwenda msalani," alisema. "Sikukuona ukitoka. Na wateja wakija nifanyeje?"

"Waambie waanze na sehemu ya kwanza."

Bodaboda ilimpeleka barabara ya Kakola na mtandio ukimpepea nyuma. Alimwona Bujiku kwanza, mwenye duara, mwanamume mnene anayemgombeza fundi. Lori lao la Canter lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, limebeba kamba, majenereta, na magodoro ya watu kumi. Meshack alikuwa kwenye usukani, miguu nje ya dirisha, redio inaimba. Nestory alikuwa upande wa pili akifunga turubai.

"Mwadila, shemeji!" Meshack alimsalimia Kisukuma kwa kelele, na Safiya akajua kwamba kambi nzima ilijua kitu ambacho yeye alikuwa hakijui.

Nestory aligeuka. Mikono yake ilibaki kwenye kamba.

"Umesahau flashi yako," Safiya alisema. Alikuwa anahema kana kwamba alikimbia.

"Sikusahau. Niliiacha."

"Ichukue."

"Safiya, nenda. Tafadhali. Nimeshachoka."

"Nesto, ichukue uitazame!"

Fundi matairi aliacha kazi. Bujiku aliacha kugomba. Meshack, ambaye hajawahi kukosa kuingilia jambo, alinyoosha mkono dirishani. "Lete hapa." Akaikwapua, akachomoa ya kwake kwenye redio, muziki ukakatika, akaichomeka ile. Redio ilitafuta. Taa yake ndogo ilicheza, ikacheza, ikatulia. 

"Haina kitu hii," alisema Meshack. "Tupu. Tupu gete, tupu kabisa."

Nestory aliiachia kamba. Turubai likamwangukia begani na hakuliondoa.

"Sikuona," Safiya alisema, na sasa hakujali nani anasikia. "Wiki mbili zilizopita niliifuta kabla ya kufungua. Nafuta zote, nimeandika ukutani."

"Wapi?"

"Chini ya mpangilio. Boksi zima!"

"Mimi pale kwenye duka lako situmii macho kusoma boksi."

Meshack alicheka peke yake, akanyamaza.

"Leo nimezirudisha," Safiya aliendelea. "Tatu. Nimeanza na ya mwisho, halafu ya kwanza, halafu ya tatu. Ya pili imekufa, sehemu ya nne niliyokuwekea imekaa juu yake ikaifuta. Kwa hiyo hiyo ya pili uniambie kwa mdomo. Ulisema nini?"

Furaha iliyokuwa imeanza kumpanda Nestory usoni ilisimama njiani. Alilitoa turubai begani, akalikunja vizuri kuliko ilivyohitajika.

"Ya pili ilikuwa ya mama," alisema.

"Mama yako?"

"Mama Lukresia wa Ushirombo. Yeye ndiye anayeongoza jumuiya pale kwetu, kengele ya kwanza ikigonga yeye yuko kanisani. Nilimwendea kabla ya kukurekodia. Nilimwambia kuna binti. Alifurahi mpaka akaanza kuimba. Nikamwambia jina." Alilibana turubai kwapani. "Akasema ndoa isiyofungwa kanisani hataikanyaga. Hatakuja. Niliiweka ya pili makusudi, ili ulijue hilo kabla sijakuuliza. Sikutaka uniambie ndiyo halafu ulikute mbele."

Kwa hiyo ndiyo hiyo. Safiya alihisi jua kichwani na kokoto chini ya kandambili. Aliogopa, na hakuna haja ya kuficha kwamba aliogopa. Alimwona baba yake na tasbihi yake, alimwona mama asiyemjua akiacha kuimba katikati ya wimbo.

"Ukamjibuje?"

"Kwamba nitakuoa ukikubali. Na kila mwezi nitakwenda kumsalimia, hata asiponikaribisha ndani, mpaka siku atakayouliza mkwe wake anapika nini."

"Mimi dini yangu sibadili, Nesto."

"Sikuombi. Na mimi ubatizo wangu siutupi."

"Basi ni bomani, ndoa ya serikali."

"Ni bomani."

Walitazamana. Hakuna aliyemgusa mwenzake, watu walikuwa wengi na hiyo ni Kahama. Lakini Nestory alivua kofia akaishika mkononi, kama siku ya kwanza.

"Kesho adhuhuri kuna watu wanakuja kwetu na barua," alisema haraka. "Baba akiwahi kuwajibu, imekwisha. Anamsikiliza aliyefika kwanza."

"Sina barua. Sina mshenga."

"Atakasirika."

"Bora akasirike na mimi leo kuliko afurahi na mwingine kesho. Yuko wapi?"

"Dukani."

Nestory aligeuka. "Bujiku! Nipe saa moja."

"Tairi lenyewe hili linataka mbili," alinung'unika Bujiku. "Nenda. Ila ukifukuzwa ukimbilie huku, usitupotezee muda."

Walitembea kuingia mjini, Safiya mbele hatua moja, Nestory nyuma, kama watu waliokutana njiani. Soko lilikuwa limejaa. Kila uso aliouona Safiya ulikuwa uso unaomjua baba yake. Karibu na mtaa wa vitambaa alisimama kwenye kibaraza cha fundi cherehani.

"Siwezi kuingia na wewe. Nitakuwa hapa. Duka la baba ni mlango ule wa kijani."

"Sawa." Hakuondoka. "Safiya. Niambie kitu kimoja kabla sijaingia. Mizune anafika mwisho?"

Safiya alifungua mdomo kusema "utaona," na safari hii neno halikutoka.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi?"

"Filamu ya mwisho sijaitazama. Nimeishia kwenye Mvua ya Kwanza tangu siku ile ulipokuja umeanza na ya tatu. Nilikuwa nakusubiri ufike."

Nestory alimtazama kwa yale macho yake yanayotulia mahali pamoja. Kisha alikung'uta vumbi la karasha kwenye suruali, halikutoka lote, akavuka barabara na kuingia mlango wa kijani.

Kutoka kibarazani Safiya alisikia kila kitu. Alisikia "shikamoo mzee" na "marahaba, subiri hapo, kuna watu." Alisikia mama mmoja akichagua khanga, akikataa ya njano, akiomba ya bluu, akirudi kwenye ile ile ya njano. Cherehani ya fundi iligonga karibu na sikio lake na alitamani kuikanyaga. Mama yule aliuliza kama rangi inachuja. Aliulizia mauzo ya jumla. Akamkumbuka jirani yake naye, akamchukulia moja. Hatimaye alitoka na kifurushi kichwani, taratibu, na nyuma yake mkasi uliwekwa juu ya meza ya mbao.

"Haya," alisema Mzee Fikirini. "Nani anafuata?"

"Mimi, mzee," Nestory alisema. "Mimi ndiye wa kwanza."